Mwaka wa Mgongo wa Mama Kulwa

Siku ya tatu ya msiba wa mama mkwe wangu, nikiwa jikoni mikono imejaa unga, nikasikia mtu anauliza uani, "Skola yuko wapi? Nimekuja kwa Skola." Sikuhitaji kuchungulia. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikiniambia nivute pumzi, niishike, niiachie taratibu, karibu mwaka mzima, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Bi Rehema alikuwa ameshuka na treni ya Tabora, anakoishi siku hizi, amezeeka, miguu imevimba kwa kukaa safari nzima, baibui limejaa vumbi. Baada ya kunikumbatia akakaa mkekani, akanyoosha miguu na kushika vidole vyake, mbele ya waombolezaji wote. "Usinitazame hivyo," akaniambia. "Marehemu angenielewa." Tukaanza kulia, halafu tukajikuta tunacheka, mpaka akina mama wa jumuiya wakatukata jicho. Siwalaumu, hawakujua tunacheka nini. Sasa wamerudi makwao na mimi nimepata nafasi ya kueleza. Mtu aliyenifundisha heshima ni kitu gani amelala kwenye udongo wa Kakese, kijiji chetu, na somo lenyewe lilianzia kwenye tumbo lake lililojaa gesi.

Dotto, mume wangu, alikuwa fundi pikipiki mjini, analala hukohuko gereji wiki nzima na kuja Kakese Jumamosi. Kwa hiyo niseme tu ukweli, mwaka ule sikuolewa na Dotto, niliolewa na mama yake. Mimi nilitoka Kasokola, si mbali, lakini kwetu tunaongea sana na kucheka sana, na mle ndani nilikuta ukimya nikadhani ni chuki. Mama Kulwa alikuwa mwanamke mrefu, mkubwa wa mifupa, ambaye wazee wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukumani, na Kiswahili chake alikitoa kwa kupima, neno mojamoja, kama mtu anayechambua mbegu. Aliniita mkamwana. Hakuna Skola, hakuna mwanangu. Msimu uliopita alikuwa amenyanyua gunia la mpunga peke yake kwa sababu vijana walichelewa, mgongo ukamkamata hapohapo, na tangu siku ile hakuweza kuinama hata kuokota kijiko. Kitu kikidondoka alikiokota kwa vidole vya mguu, akakipandisha mpaka kimfikie mkononi, na ole wako ujitie kumsaidia. Ugali alikula amesimama, ameegemea mlango wa jiko, mimi nimekaa chini kwenye kigoda nikimwinulia bakuli la mboga. Ndivyo tulivyokula kila siku, yeye juu, mimi chini, mlenda katikati, na hakuna anayesema neno.

Kilichokuwa kinamla roho hayakuwa maumivu. Yalikuwa majaruba yake ya mpunga, aliyoachiwa na mumewe na kuyalima kwa mikono yake tangu alipobaki mjane. Mpunga mtu hapandikizi amesimama. Jioni moja nilikuwa namkanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, dirisha liko wazi, na nje Kulwa, mwanawe mkubwa mwenye duka mjini, alikuwa anaongea na Dotto. Wale ni mapacha, sauti zao zinafanana, lakini anayepanga mambo siku zote ni Kulwa. "Mvua zikianza hajaweza kuinama, majaruba nampa yule jamaa wa Litapunga akodi," alisema. "Mama anahamia kwangu. Namnunulia kiti kizuri, anakaa barazani, anahudumiwa. Amefanya kazi ya kutosha." Na alisema kwa upendo, sitamsingizia. Nilihisi mgongo wa mama unakuwa mgumu chini ya mikono yangu. Maji yalipopoa akasema, akiuambia ukuta, si mimi, "Kiti." Basi. Jinsi alivyolitamka lile neno, ungedhani wanataka kumfunga jela.

Hospitali walishamwambia dawa zimefika mwisho, kilichobaki ni mazoezi, na nesi mmoja ndiye aliyetuelekeza kwa Bi Rehema. Huyu alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa vitenge, baba Mmanyema, mama Mnyamwezi, yeye mwenyewe mtoto wa mjini Mpanda. Aliwahi kuumwa mgongo, akakaa Dar kwa binti yake, huko akafundishwa yoga mpaka akapona, na aliporudi akafungua darasa la wanawake kwenye stoo nyuma ya duka. Mjini watu walisema mengi. Wengine walisema ni kuita majini, wengine kwamba ni dini ya Kihindi. Siku ya kwanza Mama Kulwa alisimama mlangoni, akauliza, "Humu kuna kusali?" Bi Rehema akamjibu, "Kusali kila mtu anasali kwake, mama yangu. Humu tunanyoosha viuno." Akaingia. Nakikumbuka chumba kile vizuri kuliko chumba changu cha harusi. Marobota ya vitenge yamepangwa mpaka darini, harufu ya nguo mpya inayopanda puani, dirisha moja dogo, mikeka chini, na barazani fundi anakanyaga cherehani kutwa. Mle ndani mlikuwa na wake wa wenye maduka, mwalimu mstaafu, na Mama Joy, mama ntilie wa stendi, mwenye mdomo usiopumzika. Wote tumevaa suruali za kubana na kanga juu yake, tumelala chali kama dagaa walioanikwa.

Mama Kulwa hakuweza hata kulala chini. Bi Rehema akamvutia robota la kitenge akaegemea, nusu amekaa nusu amelala, na wiki iliyofuata akampa robota dogo zaidi, na iliyofuata dogo zaidi tena. Hivyo ndivyo yule mwanamke alivyomteremsha mama mkwe wangu mpaka sakafuni, robota kwa robota, bila kumharakisha hata siku moja. Na mama hakuwahi kulalamika. Jasho lilimtoka, midomo aliiuma, lakini alishuka. Kuinuka ndiko kulikomshinda, ilibidi tumshike wawili, huku kwapani na huku kwapani, na yeye anatazama pembeni kwa haya. Mimi nilikuwa nalala mkeka wa jirani yake, na huko ndiko nilikoanza kumpenda, kwa kumsikia anavyohema na kukataa kushindwa.

Sasa Bi Rehema alikuwa na sharti moja, tusile kitu mchana kabla ya kuja. Tulilishika kwa moyo wote. Siku za mazoezi pale nyumbani ugali haukupikwa mchana, hata moto wa ugali haukuwashwa. Tulikuwa tunakula michembe tu, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa juani, tumevichemsha na karanga za kutwanga, halafu tunashushia na maziwa mgando, kibuyu kinapita kwangu kinarudi kwake. Nani atasema michembe ni chakula? Michembe ni kitu cha kutafuna wakati unasubiri chakula. Na maziwa kwa watu waliozaliwa zizini ni kama maji. Mtu ambaye hajagusa ugali hajala, hilo hata mtoto wa Kakese anajua, na Bi Rehema alipouliza kama tumekula, tulijibu kwa macho makavu kabisa kwamba hatujala. Kisha tunapakiwa mshikaki kwenye bodaboda, mama katikati, mimi nyuma namshika, njia yote ina mashimo, na matumbo yetu yanatikiswa na ile mizigo ndani yake. Mimi nilikuwa nabana. Nilikuwa nabana kiasi kwamba nusu ya mazoezi sikuyafanya, nilikuwa nafanya zoezi langu la peke yangu ambalo halina jina.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi kikali, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Fundi wa barazani alikuwa ameenda kuswali, kwa hiyo cherehani ilinyamaza, na darasa lilikuwa kimya kiasi cha kusikia inzi. Bi Rehema akasema, "Sasa kumbatieni magoti. Yaleteni kifuani. Yabaneni." Tukabana. Na hapo, kutoka mkeka wa pembeni yangu, ikatoka. Haikuwa ile ya kuponyoka ambayo mtu anaweza kuizuga kwa kukohoa. Ilikuwa ndefu, yenye mwanzo na mwisho, kama mtu anayechana kitenge kipya dukani. Nilitazama dari. Mwalimu mstaafu alitazama dari. Halafu Mama Joy, hakuweza kujizuia maskini, akasema, "Bi Rehema, huko nyuma kuna mteja kakatiwa doti." Chumba kizima kikapasuka. Hata mimi, Mungu anisamehe, kicheko kilinifika hapa shingoni. Bi Rehema peke yake hakucheka. Akasema kwa sauti ileile, wala hakuipandisha, "Goti la kushoto sasa. Vuteni pumzi." Lakini mama mkwe wangu alikuwa ameshasimama. Alivipandisha viatu vyake kwa vidole vya mguu mpaka mkononi, akajifunga kanga, akatoka bila kumtazama mtu, mimi kabisa hakunitazama.

Nilipokuwa nakusanya vitu nimfuate, Bi Rehema akanishika mkono. "Umeona?" akaninong'oneza. "Nini?" "Ameinuka mwenyewe. Hakushikwa na mtu. Skola, nakuomba, huyo mama akikatisha sasa misuli inarudi ilikokuwa, na mvua haziko mbali. Fanya unavyoweza arudi." Nikatoka mbio nikakuta mama ameshapanda bodaboda nyingine, peke yake, na imeshaondoka. Nilirudi Kakese na bodaboda yangu nikiwaza jambo moja tu. Kwetu Kasokola mtu akijamba watu wanacheka, yeye mwenyewe anacheka, mambo yameisha. Nikajiambia kesho atakuwa ameshasahau.

Hakusahau. Alianza kula chumbani, mlango umefungwa. Chakula naweka kizingitini, naondoka, anachukua. Akitaka kuniambia kitu anamwambia kuku. "Maji yamekwisha mtungini," anamwambia kuku, na mimi nachukua ndoo. Siku ya mazoezi ikafika, nikavaa, nikakaa uani nimsubiri, hakutoka. Nikagonga. "Mama, Bi Rehema atatusubiri." Nikagonga tena. "Mama, mimi nimeshasahau." Akajibu kutoka ndani, na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake inatetemeka. "Wewe umesahau kwa sababu kwenu hayana uzito. Mimi ni mkweo. Mkwe hafanyi kile mbele ya mkamwana. Nitakutuma maji kwa mdomo gani?" Ndipo nikaelewa. Mimi nilidhani anaona aibu ya Mama Joy na wale wake wa wenye maduka. Wale hakuwajali hata kidogo. Aibu yake ilikuwa kwangu, msichana wa juzi, ambaye nilidhani hanioni. Nilikaa pale kizingitini nikalia, na sijui hata leo kama nililia kwa huruma au kwa furaha. Lakini siku zilikuwa zinakatika, mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa Ziwa, na kila asubuhi nilimsikia anavyoguna akitoka kitandani, mgongo unarudi ulikokuwa kama Bi Rehema alivyosema.

Halafu Jumamosi moja aliita watu. Kulwa na mkewe waliitwa kutoka mjini, Dotto alikuwepo, na jirani yetu mmoja mzee wa Kisukuma aliitwa awe shahidi. Tukakaa uani, hakuna anayejua tumeitiwa nini. Kulwa alishanong'oneza kwamba labda mama amekubali kuhama. Mama akatoka zizini akivuta mbuzi jike, mweusi mwenye baka jeupe shingoni, ana mimba. Akasimama mbele yetu wima, maana kuinama hakuwezi, akasema, "Siku ile kwa Bi Rehema tumbo langu lilinivunjia heshima mbele ya mkamwana wangu. Lilitoa upepo, na watu walisikia. Huyu mbuzi ni wake. Nafuta aibu hiyo." Akanyoosha kamba kuelekea kwangu. Kulwa, mtu wa duka na heshima zake, uso ulimwiva. "Mama jamani," akasema, "si ungenyamaza tu? Hapa nani alikuwa anajua?" Mama akamgeukia polepole. "Nilijua mimi. Alijua huyu. Hao ndio wanaokula sahani moja." Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akasema kwa Kisukuma jambo ambalo sikulielewa, na mama akashusha pumzi ndefu. Mimi nikapiga magoti nikapokea kamba kwa mikono miwili. Mbuzi akaanza kunitafuna kanga.

Nimekaa na watu wengi tangu wakati ule. Nimeona wakubwa wakikosea mbele ya wadogo na kupandisha sauti ili kosa lisisikike. Nimeona baba akimpiga mtoto kwa sababu mtoto alimwona akilia. Mama Kulwa angeweza kukaa kimya na mimi ningebaki mkamwana wa kuchota maji, nisingethubutu kusema kitu. Badala yake aliita watoto wake, akaitaja aibu yake kwa jina, mchana, akailipia, akaimaliza. Sijaona ujasiri unaozidi ule, na sitegemei kuuona. Jioni ile alikuja jikoni, akaegemea mlango palepale, akasema, "Mkamwana, leta mboga." Tukala. Na alipomaliza akasema, bila kumtafuta kuku, "Alhamisi tunaenda."

Alhamisi alipoingia stoo, wanawake wote walikuwa wameshalala. Alisimama katikati. "Mimi ndiye niliyetoa upepo siku ile," akasema. "Nimeshalipa. Sasa tufanye kazi." Mama Joy alifunika uso na kanga. Baadaye niliona alikuwa analia, maana alimfuata mama akamwomba radhi na kumbusu mikono, akakiri kwamba yeye mwenyewe huja na maharage ya kiporo tumboni na huwa anaachia pale tu cherehani inapopiga. "Nilicheka nikijua kwamba leo si mimi," alisema. Hapo mwalimu mstaafu naye akafunguka, kumbe ni kabichi, na stoo nzima ikageuka kanisa la maungamo. Bi Rehema akasimama amejishika kiuno. "Nyie si niliwaambia msile?" Mama Kulwa akamjibu kwa heshima zote, "Hatujala. Ugali tulikula usiku." "Na mchana?" "Hakuna. Michembe tu. Na karanga. Na maziwa kidogo." "Kidogo kiasi gani?" Mama akaonyesha ukubwa wa kibuyu kwa mikono. Bi Rehema akakaa chini. Alicheka mpaka ushungi ukamtoka, akajifuta machozi, halafu akatusimulia jinsi yeye mwenyewe kule Dar siku yake ya kwanza, kwenye ukumbi wa watu wasiomjua, yalimtokea yayo hayo akajifungia chooni mpaka darasa likaisha.

Tangu siku ile mambo yalibadilika. Michembe tukaila jioni, maziwa baada ya mazoezi, na mchana tulikunywa chai ya tangawizi isiyo na sukari ambayo mama aliinywa huku amekunja uso kama anakunywa mwarobaini. Na darasa likapata utaratibu wake. Kila siku tulianza kwa kulala chali na kukumbatia magoti, anayetoa atoe, na fundi wa barazani aliombwa saa ile ashone jinzi au turubai, kitu chochote kizito. Alitii, na hakuuliza kwa nini. Cherehani ikinguruma, Bi Rehema alisema, "Haya mama zangu, nafasi ndiyo hii," na tukajimwaga. Ukishatoa kile ulichokibana, mwili unakubali kukunjika, hilo nililiona kwa macho yangu. Mama Kulwa, ambaye alikuwa anajifunga kama gunia, akaanza kulegea. Siku moja akashika magoti yake akiwa amesimama. Siku nyingine akashika miguu chini ya magoti. Njiani kurudi alikuwa anaguna guno dogo la furaha mgongoni kwa dereva, na mimi nyuma nalisikia likipita mbavuni mwake.

Mvua zilianza kabla hatujawa tayari. Zilinyesha usiku, asubuhi majaruba yamejaa, na Kulwa akatuma ujumbe kwamba atakuja na yule mtu wa Litapunga aone maji yanavyokaa. Mama hakujibu. Alijifunga kanga juu ya magoti, akaniambia, "Skola, ng'oa miche." Aliniita Skola. Nikashika jembe, nikaenda kitaluni nilikokuwa nimeotesha mpunga na kuumwagilia kwa ndoo. Tulipofika jarubani aliingia majini taratibu, akasimama, nikaona midomo yake inacheza, anahesabu pumzi kama alivyofundishwa. Halafu akashuka. Alishuka kidogokidogo, robota kwa robota, ingawa hapakuwa na robota, mpaka vidole vyake vikaingia kwenye tope, na mche wa kwanza ukasimama. Nilikuwa nyuma yake na fungu la miche mkononi, machozi yananiingia mdomoni, na kutoka kwake, juu ya maji yaliyotulia, ikatoka moja fupi, ya asubuhi. Hakugeuka. "Nipe miche," akasema, na nikampa.

Tulikuwa tumeshafika katikati ya jaruba la pili walipotokea, Kulwa na viatu vyake vya ngozi, na yule jamaa wa Litapunga nyuma yake na mwavuli. Kulwa akasimama kwenye kingo. "Mama," akasema, "mgeni." Mama Kulwa hakuinuka kumsalimia. Alibaki hivyohivyo, amekunjika kwenye kiuno, mikono inaendelea kupanda, na sauti yake ikaja kutoka chini, karibu na maji. "Karibuni. Miche iko pale. Vueni viatu." Yule mtu akatazama urefu wa mistari tuliyokuwa tumeshapanda, akamtazama Kulwa, akafunga mwavuli wake na kukaa kwenye kingo kuvua viatu. Kulwa alibaki amesimama kidogo, kisha na yeye akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.